Napungua, narudi palepale: nifanye nini bila upasuaji?

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 43. Nina urefu wa sentimita 163, na mara ya mwisho nilipopanda mizani ya kliniki ilisoma kilo 98. Kiunoni nilipimwa sentimita 112. Presha ninayo, nameza vidonge kila siku, na safari hii daktari kaniambia sukari nayo imeanza kupanda. Kisukari bado, ila nipo mlangoni. Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Magoti yananiuma nikipanda ngazi, na usiku nakoroma mpaka mume wangu anahamia chumba cha watoto.

Si kwamba sijajaribu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kilo 94. Mtu mmoja alinitumia kwenye simu ratiba ya chakula ya miezi mitatu: asubuhi maji ya moto, mchana mboga za kuchemsha, jioni tunda, wanga usiuguse kabisa. Niliifuata neno kwa neno nikashuka mpaka 81. Watu walinisifu, nguo zikanilegea, nikajiona mtu mpya. Ratiba ilipokwisha nikarudi kula kama zamani, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana njaa niliyokuwa nayo sikuwahi kuijua. Nilikuwa nashiba na bado nawaza chakula. Haukupita mwaka kilo zote zikarudi, na nyingine juu yake.

Siku hizi naishi hivi. Mchana sili kitu, najikaza niko kwenye cherehani kutwa nzima. Nikifika nyumbani jioni, kabla chakula hakijaiva nimeshaonja na kuonja. Watoto wakibakiza namalizia hukohuko jikoni nimesimama. Wakishalala wote narudi tena peke yangu, taa sijawasha. Naona aibu hata kuandika.

Daktari amenitajia upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Sitaki. Naogopa kisu, na mtoto wangu wa mwisho bado mdogo. Mdogo wangu ananiletea chai ya kukata tumbo, anasema wenzake wanapoteza kilo tano kwa wiki. Rafiki yangu anajichoma sindano ya kila wiki, amepungua kweli, ila hasemi anaipata wapi. Mume wangu si mtu mbaya, lakini mbele ya wageni akisema "huyu wangu ni wa sahani mbili" natamani ardhi ipasuke niingie.

Niambie ukweli, dada. Kuna njia bila kisu, au mimi ndiye sina nidhamu? Nataka nirudi kwenye zile kilo 62 nilizoolewa nazo.

Aliyechoka kushuka na kupanda

*

Marahaba, mdogo wangu.

Njia bila kisu ipo, na nitakueleza kwa urefu. Ila hilo neno nidhamu tuliondoe kwanza, kwa sababu linakuumiza, na ukiendelea kulibeba litaharibu kila utakachojaribu. Mwanamke aliyeipikia familia nzima kwa miezi mitatu huku yeye akila mboga za kuchemsha, nidhamu anayo ya kutosha. Kilichokurudisha nyuma ni kitu kingine kabisa.

Mwili wa binadamu unalinda akiba yake ya mafuta. Mafuta yenyewe hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ukipungua, leptini hushuka, na ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, hupanda. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu wanene waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa hazijarudi zilipokuwa, na wenyewe walisema bado wana njaa kuliko kabla ya kuanza. Hiyo ndiyo njaa uliyoniandikia, ya kushiba na bado kuwaza chakula. Haikuwa tamaa.

Na kuna la pili. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo, kwanza kwa sababu umekuwa mdogo, halafu kwa sababu unabana matumizi zaidi ya udogo wake. Kwa hiyo ulipofika kilo 81 ulikuwa na njaa kubwa kuliko ulipokuwa na kilo 94, na wakati huohuo ulihitaji chakula kidogo kuliko wakati ule. Siku hiyo ndiyo ratiba ikaisha, na hakuna aliyekuambia kinachofuata. Aliyekutumia ratiba ile alikupa nusu rahisi ya matibabu. Nusu ngumu, ya kuushikilia uzito mpya, hakuigusa.

Ndiyo maana nakuomba uutazame unene huu kama unavyoitazama presha yako: ni ugonjwa wa kudumu, unatunzwa. Hakuna anayemeza dawa ya presha miezi mitatu akasema nimemaliza. Kila utakachosoma hapa chini, na kila utakachoambiwa na mtu mwingine, jiulize: hiki naweza kuishi nacho hata miaka mitatu ijayo? Kama huwezi, usikianze, hata kama kinapunguza haraka.

Sasa zile kilo 62. Naelewa kwa nini unazitaka, lakini ukiziweka ndizo shabaha utajiona umeshindwa hata siku ambayo afya yako imebadilika kabisa. Kwa uzito wako, kupungua kilo 5 mpaka 10 kunatosha kushusha presha na sukari kwa kiasi ambacho daktari ataona kwenye vipimo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, kama yako. Kundi moja lilisaidiwa kubadili ulaji na kutembea, likilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliougua kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliomeza metformini, ambayo ni dawa nzuri ya kisukari, upungufu wao ulikuwa asilimia 31. Asilimia 7 kwako ni kilo 7. Anza na hizo. Hata magoti yatakushukuru: kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Kiuno nacho kifuatilie, pengine kuliko mizani. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayosukuma sukari na presha juu, na futi ya kushonea unayo kila siku mkononi. Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu, ambayo kwako ni kama sentimita 81. Usishtuke na umbali uliopo. Sentimita tano zikiondoka hapo kiunoni ni habari njema hata kama mizani imegoma.

Kabla ya kugusa sahani, rudi kliniki, maana katika barua yako kuna mambo mawili ambayo hakuna chakula kitakachoyatibu. La kwanza ni sindano ya uzazi wa mpango. Ile ya miezi mitatu huwanenepesha baadhi ya wanawake. Usiiache ghafla ukapata mimba usiyoipanga. Muulize mtoa huduma kuhusu njia nyingine, kama kitanzi cha shaba kisicho na homoni, na mkumbushe kuwa una presha, kwa sababu vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni havimfai mtu mwenye presha. Mtajie pia dawa zote unazotumia, hata zile unazoona hazihusiani. Steroidi, insulini, baadhi ya dawa za sonona, za magonjwa ya akili na za kifafa, na hata baadhi ya dawa za presha, huongeza uzito, na mara nyingi ipo mbadala.

La pili ni kukoroma. Mtu akikoroma kiasi cha kumhamisha mwenzake, na mchana anasinzia kwenye cherehani, inawezekana pumzi yake inakatika usingizini mara nyingi kwa usiku mmoja bila yeye kujua. Hali hiyo hupandisha presha na kuharibu usingizi, na usingizi mbovu huongeza njaa ya siku inayofuata. Muulize mume wako kama anakusikia unanyamaza kabisa halafu unashtuka kwa kuvuta pumzi kwa nguvu. Akisema ndiyo, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Omba pia kipimo cha thairoidi, tezi ya shingoni ambayo ikilegea huweza kuongeza uzito. Mara nyingi majibu huwa mazuri, lakini kikipimwa utaacha kujiuliza.

Tuje kwenye chakula. Utasikia watu wakibishana kama adui ni wanga au mafuta. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima, hawa wakipunguza wanga, wale wakipunguza mafuta, na wote wakielekezwa kula vyakula halisi na mboga nyingi. Mwisho wa mwaka makundi yalipungua karibu sawa, kama kilo tano na sita kwa wastani. Kwa hiyo wanga haukukosea kitu. Kinachopunguza ni kula pungufu ya unachotumia, kiasi cha kalori 500 au 600 kwa siku, kwa namna ambayo haikuachi na njaa ya kichaa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi.

Na hapo naiona siku yako. Unafunga mchana kutwa, halafu jioni unaingia jikoni na njaa ya saa kumi na mbili, mwiko mkononi. Hakuna binadamu anayeshinda vita hiyo. Kula mchana, mdogo wangu. Kula mlo kamili, wenye mboga nusu ya sahani, robo kitu cha protini kama maharage, mayai, samaki au nyama isiyo na mafuta mengi, na robo wanga. Protini inashibisha kwa muda mrefu na inalinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Watu watakuambia kufunga kula kwa saa nyingi kunayeyusha mafuta. Wanaofanikiwa nako ni kwa sababu wanaishia kula kidogo kwa siku nzima. Kwako kumefanya kinyume, kwa hiyo kuache.

Jioni, kabla hujawasha jiko, kula tunda au bakuli la mboga umekaa. Halafu onja chakula kwa kijiko cha chai, mara moja, ili kujua chumvi. Mabaki ya watoto yatie kwenye chombo chenye kifuniko wakiwa bado mezani, kabla hujanyanyua sahani zao. Najua kutupa au kuweka kiporo kunakuuma, umelelewa usichezee chakula, lakini kikishaingia tumboni mwako bila wewe kuwa na njaa hakijaokolewa. Tena anza kuwapakulia kidogo, atakayetaka aongezwe.

Mafuta ya kupikia yapime. Kijiko kimoja kikubwa kina kama kalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa hauhesabu. Mpishi anayemimina kwa macho anaweza kutia vijiko vitano akadhani ametia viwili. Chukua kijiko, pima kwa wiki moja, uone ulikuwa wapi. Vinywaji navyo: soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50, karibu kalori 200, na haishibishi hata kidogo. Juisi iliyokamuliwa, hata ya nyumbani isiyoongezwa sukari, haipo mbali na hapo. Tunda litafune.

Vyakula vya pakiti vilivyosindikwa sana, biskuti, soseji, vitafunwa vya kukaanga, nakushauri visikae ndani ya nyumba. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 kituoni, wiki mbili wakila vyakula vya aina hiyo na wiki mbili vyakula vya kawaida, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka atosheke. Kwenye vile vilivyosindikwa walikula kalori kama 500 zaidi kila siku, ingawa milo ilipangwa iwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi sawasawa. Kama wangekuwa na chakula cha kwanza tu hapo, wangejiita hawana nidhamu.

Mazoezi nayataja kwa kifupi, kwa sababu watu huyategemea kwa kazi ambayo si yake. Peke yake hupunguza uzito kidogo. Kazi yake kubwa ni kuzuia usirudi, na kulinda moyo, sukari na misuli. Anza na dakika kumi za kutembea baada ya mlo, uongeze taratibu mpaka zifike 150 kwa wiki. Siku ya kushikilia uzito utahitaji zaidi, pengine 200 mpaka 300. Na mara mbili kwa wiki fanya hili hapohapo kazini: kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena taratibu, mara kumi, pumzika, rudia. Misuli ya mapaja ikipata nguvu maumivu ya goti hupungua. Likikuuma kwa nguvu au likavimba, simamisha umwone daktari.

Chai ya mdogo wako usiinywe. Nasema kwa mkazo kwa sababu una presha. Chai hizi nyingi zina majani ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo, mizani inashuka, mafuta yapo palepale. Ukiharisha wiki nzima unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji, na baadhi ya dawa za presha nazo hutoa potasiamu kwenye mkojo, kwa hiyo viwili hivyo vikikutana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Zile "za asili" zinazopunguza kweli ndizo zinazonitisha zaidi. Katika bidhaa za aina hiyo wakaguzi wa dawa wamekuta mara nyingi sibutramini imefichwa ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwenye pakiti haiandikwi. Mdogo wako anakupenda, mshukuru, na umweleze sababu ili naye asinywe.

Sindano ya rafiki yako ni jambo tofauti, na hapa naomba unisikilize mpaka mwisho. Dawa hizi zipo, ni za kweli, na zimebadilisha matibabu ya unene. Semaglutaidi na tirzepataidi huiga homoni za utumbo zinazouambia ubongo kwamba umeshiba. Katika utafiti wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021, watu walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito ndani ya wiki 68, ilhali waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Tirzepataidi kwa dozi kubwa ilifika karibu asilimia 21 ndani ya wiki 72. Mwaka 2023 semaglutaidi ilionyeshwa pia kupunguza kwa asilimia 20 matukio makubwa ya moyo, vikiwemo mshtuko wa moyo na kiharusi, kwa watu wanene wenye ugonjwa wa moyo na mishipa. Vyote hivi pamoja na kubadili ulaji, si badala yake.

Kawaida dawa hizi hufikiriwa kwa mtu ambaye BMI yake, yaani kilo zake zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, imefika 30, au 27 akiwa na ugonjwa unaotokana na unene. Yako ni karibu 37, tena una presha. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza daktari waziwazi. Ukiambiwa unatafuta njia ya mkato usikubali. Mtu anayemeza kidonge cha presha hatuambii amekwepa kazi.

Lakini ujue unachoingia. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kukosa choo huwapata wengi, hasa dozi inapopandishwa, ndiyo maana inaanza kidogo na kupanda taratibu. Mawe ya nyongo yanaweza kutokea, na kongosho kuvimba hutokea kwa nadra: maumivu makali juu ya tumbo yasiyokoma ni ya kukimbilia hospitali. Hazitumiki ukiwa na mimba. Ukihamia vidonge vya uzazi wa mpango ukiwa kwenye tirzepataidi, mwambie daktari, kwa kuwa hupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Kama katika ukoo wenu kuna aliyeugua ile aina ya saratani ya thairoidi iitwayo medula, sema kabla ya kuanza. Na ukiacha dawa, mwili unarudi kwenye ulinzi wake: waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Basi kabla ya kuanza, jiulize kama utaweza kuigharamia kwa miaka. Rafiki yako asiyesema anaipata wapi ananitia wasiwasi. Sindano bandia za aina hii zimeshakamatwa katika nchi kadhaa. Usikubali akugawie.

Ipo pia dawa ya zamani zaidi, orlistati, kidonge kinachozuia kama theluthi ya mafuta uliyokula yasifyonzwe. Nguvu yake ni ndogo, na ukila mafuta mengi utakimbilia choo, lakini kwa wengine inasaidia.

Kuhusu upasuaji, daktari hakukosea kukutajia. Kwa BMI ya 35 na kuendelea ni jambo la kawaida kuzungumzwa, na kwa wengi husaidia sana. Nawe hukukosea kukataa. Mwambie: "Kwa sasa sitaki, nataka tuanze na njia nyingine zote." Ni sentensi ambayo daktari mzuri ataipokea.

Sasa la usiku, gizani jikoni. Nimelisoma tena na tena. Ikiwa unakula kingi kwa muda mfupi, huku unaona huwezi kusimama hata ukitaka, mpaka tumbo linauma, halafu unajichukia, na inatokea angalau kila wiki kwa miezi, hiyo inaweza kuwa ni ugonjwa wa kula bila kujizuia. Unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia na wakati mwingine kwa dawa, na ratiba kali za chakula huuzidisha. Ikiwa ni njaa tu ya kushinda bila kula, itapungua ndani ya wiki chache ukianza kula mchana. Wewe ndiye utakayeijua tofauti. Aibu isikuzuie kumwambia daktari, sisi tunaokaa upande huu wa meza tunayasikia haya kila siku.

Mume wako mwambie mkiwa wawili tu, siku ambayo hakuna aliyekasirika: "Ukinitania mbele ya watu, usiku wake nakula zaidi." Ni kweli, na si kwako peke yako. Watu wanaodhihakiwa kwa unene huelekea kuongezeka uzito kuliko kupungua. Kisha mpe kazi: aketi mezani nawe mchana mkiwa nyumbani, aache kuleta soda, mtembee pamoja baada ya chakula cha usiku. Mume anayehama chumba kwa sababu ya koromo anao muda wa kutembea dakika kumi.

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Andika tu kwenye daftari kila kinachoingia mdomoni, hata kile cha mwiko, na saa yake. Wiki ya pili anza na mlo wa mchana na kijiko cha mafuta. Mengine yaje baadaye. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula, maana maji peke yake huweza kupandisha au kushusha kilo moja au mbili kwa siku. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Utafika mahali mizani itasimama, pengine baada ya miezi sita, na hilo limeshapangwa na mwili wako. Siku hiyo kazi yako inakuwa kushikilia, na kushikilia ni mafanikio kamili. Ukiona kilo mbili zimerudi, usisubiri ziwe kumi, rudi kliniki wiki hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni la usalama. Ukianza kupungua, presha nayo inaweza kushuka, na dozi yako ya leo ikawa kubwa mno. Ukiona kizunguzungu unaposimama, nenda ukapimwe. Usipunguze vidonge mwenyewe. Ukienda, beba daftari lako, orodha ya dawa, na vipimo viwili vya kiuno. Uliza kuhusu sindano ya uzazi wa mpango, pumzi ya usiku, thairoidi, na kama metformini au mojawapo ya zile sindano inakufaa. Majibu ya sukari yakitoka niandikie namba yenyewe, usiniandikie "iko juu kidogo", ili niweze kukujibu sawasawa.